Dereva Ndiye Anayejibu

Kwanza ulisikika mluzi. Ulitoka chini ya sakafu, mwembamba na mrefu, ukapanda ndani ya ukuta nyuma ya kochi, ukakatika, ukaanza tena. Halafu mabomba yakagonga, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa ndani anayeomba kutolewa. Mzee Cosmas alikuwa amelala kwenye kochi hilo, blanketi limemfunika mpaka utosini, na kabla hajafumbua macho alikwisha jua kwamba huko chini kuna boila lenye shida.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Januari, na theluji ya juzi ilikuwa imeganda kuwa barafu nyeusi kwenye maegesho ya magari. Binti yake Genoveva alikwisha ondoka kwenda Wheaton, kwenye nyumba ya kulelea wazee, kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu wengine. Mkwewe Kalamu alikuwa kwenye darasa lake la Jumamosi, akiwafundisha Wamarekani weusi wenzake Kiswahili ambacho yeye mwenyewe alijifunza ukubwani, chuoni. Mjukuu wake Makeda alikuwa chumbani, masikio kayaziba kwa muziki. Mzee akavaa koti juu ya pajama, akatia miguu ndani ya ndara, akashuka ngazi akiifuata ile sauti.

Mlango wa chumba cha boila ulikuwa umezuiwa kwa ndoo usijifunge. Mafundi walikuwa wamekwenda kutafuta kahawa. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya chuma kilichoiva, na kwa kitambo kidogo mzee alisimama akavuta pumzi kama mtu aliyerudi kwao. Halafu akakiona kioo. Kilikuwa ubavuni mwa boila, mrija uliosimama wima wa kuonyeshea kimo cha maji, mkavu toka juu mpaka chini.

Kwa dereva wa injini ya mvuke hakuna balaa kubwa kuliko kioo kikavu. Maji yakishatoweka kiooni, chuma kilicho juu ya moto kinabaki uchi, na chuma kikibaki uchi juu ya moto hupasuka na kuua. Dereva hangoji amri ya mtu. Anazima moto, haongezi hata tone la maji, na anawaondoa watu. Cosmas alilijua hilo kabla hajajua vizuri kusoma Kiingereza. Ndilo swali la kwanza aliloulizwa siku wakubwa wa depo ya Tabora walipoamua, shingo upande, kumpa Mwafrika injini kubwa aiendeshe bila Mhindi wala Mzungu wa kumsimamia.

Akaiona swichi nyekundu mlangoni, akaishusha. Akalifuata bomba la gesi kwa mkono mpaka penye koki, akaifunga. Moto ukafa. Kisha akatoka akasimama kwenye korido, mikono kaitandaza, akawazuia wapangaji wasishuke. Alisimama hivyo mpaka mafundi waliporudi na vikombe vyao, na mpaka polisi wawili walipokuja kumuuliza jina.

Jambo asilolijua ni kwamba kile kioo kilikuwa kimekufa zamani. Boila lile lilijengwa kuwa la mvuke. Baadaye likageuzwa likawa la maji ya moto, na waliolirekebisha hawakujisumbua kukiondoa kioo cha kale. Kilikuwa hakijaona maji tangu kabla Makeda hajazaliwa. Ule mluzi ulikuwa wa hewa tu ndani ya mabomba, na mafundi walikuja kwa sababu hiyo.

Gesi ikishafungwa hivyo, haiwashwi tena na fundi yeyote apitaye. Anatakiwa mwenye kibali, naye hakupatikana Jumamosi wala Jumapili. Jengo zima likapoa. Watu walilala na makoti, wakawasha majiko ya kupikia wakaacha milango ya oveni wazi. Jumapili mchana bomba likapasuka ghorofa ya pili, na maji yakashuka kwenye dari ya jirani wa chini.

*

Jirani huyo aliitwa Vumilia, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mwenye mtoto mchanga. Jumatatu Mzee Cosmas alishuka kumpa pole. Genoveva alimkataza, lakini hakusikia. Alivaa shati safi, akagonga mlango, akasimama hatua mbili nyuma kama desturi inavyotaka.

Vumilia alifungua, akamtazama, hakumkaribisha. Alisogea tu ili mzee aone. Vipande vya dari vililowa kitandani kama ugali uliomwagika, na godoro la mtoto lilikuwa limesimamishwa ukutani, maji yakichuruzika.

"Angalia, mzee. Plafo yote ilianguka pa kitanda ya mutoto. Kama alikuwa amelala, leo tungekuwa tunalia hapa."

"Pole sana, mama. Kosa ni langu."

"Pole yako nitaifanyia nini? Nitamufunika nayo mutoto?" Alimpandisha mtoto begani. "Kwetu, mzee wa miaka kama yako anakaa, analetewa chai. Weye ulienda tafuta nini kule chini?"

Mzee akamweleza kwamba aliona kioo kikavu. Vumilia akamtazama kama mtu anayesimuliwa ndoto ya mlevi. Akauliza kioo gani, na kabla hajajibiwa akafunga mlango, taratibu, na utaratibu ule ulimuuma mzee kuliko kama angeubamiza. Alipokuwa akipanda, watoto wa ghorofa ya tatu wakamwitia juu ya ngazi: Babu Boila, Babu Boila. Walikuwa wamekwisha mpa jina.

*

Jumanne karatasi ilibandikwa mlangoni, mahali ambapo kila mpita njia angeweza kuisoma. Genoveva aliibandua akapiga simu ofisini akiwa bado na viatu vya kazini. Meneja alimweleza bila ukali, na kukosa ukali huko ndiko kulikomtisha. Kwanza, huyo mzee ni nani? Mkataba wa nyumba ulikuwa na majina matatu: Genoveva, mumewe, na binti yao. Jina la nne halikuwemo. Pili, mtu mzima mwenye akili timamu ameingia chumba kilichokatazwa, amefunga gesi, amewazuia watu kwa mikono yake. Huo ni uharibifu wa makusudi. Waje Ijumaa waeleze. Wasipokuwa na maelezo, kampuni itakwenda mahakamani kuitoa familia nzima.

Genoveva alijua kwa nini jina la nne halikuwemo. Nyumba ya vyumba viwili haikuruhusiwa watu wanne wenye akili zao na miguu yao; kumwandika baba kungewalazimu kuhamia nyumba kubwa, na nyumba kubwa haikuwa saizi ya mishahara yao. Basi tangu mama yake alipofariki Tabora na baba akaletwa Marekani, mzee yule aliishi kama mgeni asiyeondoka. Nchi hii humpenda mzee akiwa picha ukutani. Akilala kwenye kochi anakuwa tatizo la nafasi.

Na picha ukutani ilikuwepo. Kalamu aliikuza mwenyewe, akaitia fremu: kijana mwembamba mwenye kofia ya dereva, mkono mmoja kwenye mlango wa injini ndefu kuliko nyumba ya ghorofa. Mgeni yeyote aliyeingia alisimamishwa mbele yake. Kalamu alipenda kusema, kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, kwamba mbele yenu ni mtangulizi, mtu wa kwanza kupewa na depo yake kile walichonyimwa watu wake. Mwezi wa Februari alikusudia kumpeleka azungumze na wanafunzi wa darasa lake. Matangazo yalikwisha chapwa: historia iliyo hai. Jumanne hiyohiyo Kalamu alizunguka akiyabandua, na hakumwambia mzee.

*

Tito, mdogo wake Genoveva, alifika Jumatano jioni kutoka Sterling, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni. Alikuwa akilinda mitambo ya kompyuta kwenye majengo makubwa yasiyo na madirisha, karibu na uwanja wa ndege, na alikuwa na nyumba ya ghorofa yenye chumba cha wageni ambamo hakuna mgeni aliyewahi kulala. Alimwamkia baba yake haraka, shikamoo iliyokwisha kabla haijaitikiwa, akaingia jikoni. Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Mzee alikaa kwenye kochi, televisheni imezimwa, mikono juu ya magoti.

Genoveva alimwomba jambo moja tu: amchukue baba kwa miezi michache, ofisi ione kwamba ameondoka, mambo yapoe. Tito akampigia mkewe na kuweka simu mezani ili wote wasikie. Mkewe Chebet, Mkenya, nesi, alizungumza kwa upole wa mtu aliyekwisha amua.

"Genoveva, si ati namkataa mzee. Lakini mchana hapa hakuna mtu, na ngazi ni kibao. Akianguka, ni mimi nurse nitaulizwa. Si unaelewa?"

Genoveva alisema anaelewa. Simu ilipokatwa akamgeukia mdogo wake. Akasema huyo ni Chebet, na Chebet hakuzaliwa na mzee yule. Yeye je?

Tito akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi? Mama alinizaa baba yuko Mpanda. Nikavunjika mkono, baba yuko Kigoma. Mama anatapika damu, baba yuko Urambo anavuta mabehewa ya tumbaku. Watu wote wanasema yule mzee ni wa kwanza. Kwetu sisi hakuwa wa kwanza, dada. Alikuwa wa mwisho kufika."

"Punguza sauti."

"Kwani hajui? Alilala na injini kuliko alivyolala na mke wake. Na sasa ameiona nyingine huko chini, imemponza."

"Karo yako ililipwa na hiyo injini."

"Ndiyo. Na leo ikitakiwa karo nitalipa. Karo ndiyo aliyonipa, karo nitamrudishia. Chumba hakunipa."

Aliacha noti kadhaa chini ya kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Alipopita sebuleni alisimama, akatazama picha ukutani badala ya kumtazama mtu aliyekuwa chini yake, akasema Baba, kwaheri. Mzee akaitikia akamwambia awe mwangalifu, barabara zina barafu. Kila alichokisema Tito kilikuwa kweli, na mzee hakuwa na tabia ya kubishana na kweli.

*

Alhamisi Makeda alipokwenda shule na mzee alipokuwa bafuni, Kalamu alifunga mlango wa jikoni. Alikuwa hajalala vizuri; macho yalikuwa mekundu. Akamwomba mkewe akae.

"Mke wangu, nimezungumza na meneja. Nilimpigia bila kukuambia, na ninakuomba radhi. Nilimuuliza: itakuwaje kama mzee ni mgonjwa? Amesema hapo jambo ni jingine. Bima yao inalipa, wanafunga faili. Tena mgonjwa anayetunzwa na mwanawe anaweza kuandikwa kwenye mkataba. Chumba cha ziada hakihitajiki."

"Mgonjwa wa nini?"

Kalamu aligusa paji la uso wake kwa kidole, kidogo tu, kama anayejikuna.

"Baba yangu hana wazimu."

"Sikusema wazimu. Ugonjwa wa kusahau. Unawafahamu watu wa namna hiyo, unawalisha kila siku."

"Ndiyo maana najua hana."

Genoveva akasimama, akafungua bomba la maji, akalifunga bila kuosha kitu. Akamwambia kwamba wiki iliyopita tu yeye Kalamu alikuwa akimwita mzee huyu historia iliyo hai, akimvisha mashada ya maneno mbele ya wageni. Leo amgeuze punguani mbele ya msichana wa ofisini? Angewezaje kumtazama usoni?

Kalamu alizungumza chini chini, na Kiswahili chake kikapoteza pasi. "Nilikuwa mtoto walipotutoa nyumbani kwa nguvu, kule mtaa wa Northeast. Walitoa kitanda cha mama yangu, wakakiweka kando ya barabara. Mvua ikanyesha juu ya godoro. Majirani wakaja, wakachagua vitu. Mwanamke mmoja alichukua sufuria zetu huku mama anamwangalia, akamwambia samahani, akachukua. Tangu siku hiyo, kila nyumba tuliyoomba walikuta jina la mama kwenye orodha ya waliotolewa. Tulikaa kwa watu mpaka nikamaliza shule. Kwa watu, Genoveva. Makeda atakaa kwa nani? Kwa Tito?"

Genoveva alikaa tena. Baadaye akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, mtu huyo wa ofisini atataka kusikia nini hasa.

*

Ijumaa asubuhi alimkuta baba yake ameketi kwenye kochi, blanketi limekwisha kunjwa vizuri, gazeti limetandikwa chini, anasugua viatu. Alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoshonewa mwaka aliostaafu, na tai. Kola ilikuwa imemzidi shingo. Alisugua kwa mate na kitambaa, duara ndogo ndogo, mpaka ncha ya kiatu ikaonyesha taa ya dari.

"Baba, si lazima tai."

"Naitwa kujibu, mwanangu. Mtu haendi kujibu na sweta."

Akamweleza jinsi mambo yatakavyokwenda, kwani yeye alikwisha simama mbele ya wakaguzi mara nyingi, na wakaguzi wote wa dunia ni wamoja. Reli ilikuwa na sheria yake. Injini ikipata ajali, faiamani anayechochea moto hasemi, mfunga breki hasemi, hata stesheni masta anangoja. Dereva ndiye anayejibu. Anasimama, anataja jina, anasema alichofanya, anasema alipokosea, anakaa.

"Nitawaambia hivi. Chini ya kioo kuna koki ndogo. Unaifungua kabla hujakiamini kioo, uone kama kinasema kweli. Kila mwanafunzi anajua. Mimi sikuifungua. Nilisikia mluzi, nikaona ukavu, nikakimbilia moto kama mtu wa jana. Kosa hilo ni langu peke yangu, wewe hukuwepo, Kalamu hakuwepo. Wanikate."

"Wakukate nini, baba? Huna mshahara."

"Basi wanifukuze mimi."

"Wakikufukuza wewe wanatufukuza sote."

Genoveva akaona jambo hilo halimwingii mzee. Maisha yake yote kosa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akikiri, mkubwa hupunguza adhabu. Mzee akamwambia binti yake asiogope. Mtu akikiri wazi, hata Mzungu wa zamani alikuwa akimheshimu.

Hapo ndipo Genoveva alipotakiwa kusema. Alikuwa ameamka na maneno hayo mdomoni. Lakini mzee aliinua kiatu, akakitazama upande huu na upande ule, akaridhika, na maneno yakarudi yalikotoka. Alichosema ni kwamba wavae makoti, watachelewa.

*

Ofisi ilikuwa jengo la mbele, lenye kapeti na joto la kutosha. Huko joto halikuwahi kukatika. Meneja alikuwa mwanamke mdogo kuliko Genoveva, kucha ndefu, sauti ya huruma ya kazini. Mezani palikuwa na bakuli la peremende. Viti vilikuwa viwili, Kalamu akasimama ukutani.

Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Genoveva na Kalamu walidhani Kiingereza hicho cha haraka kinampita mzee juu ya kichwa. Lakini Cosmas alifundishwa kazi na kutahiniwa kwa Kiingereza, akatukanwa kwa Kiingereza na wakaguzi waliokuwa hawafungui mdomo vizuri. Maneno aliyoyajua hayakuwa mengi, ila aliyoyajua aliyajua.

Meneja akaanza na Vumilia, dari yake, hoteli aliyolipiwa. Akaendelea na mabomba. Kisha akaweka peni chini, akamtazama Genoveva, akauliza: baba yako alikuwa anajua anachokifanya?

Mzee Cosmas akainuka. Aliinuka kwa shida, akishika ukingo wa meza, lakini alipofika juu alinyooka, visigino pamoja, mikono ubavuni. Akasema kwa Kiingereza kile cha reli, neno moja moja, kila moja limefutwa vumbi:

"Bibi, jina langu ni Cosmas Nehemiah. Mimi ni dereva. Nilijua ninachokifanya. Kosa—"

"Baba, kaa chini."

Genoveva alisema kwa Kiswahili, na mkono wake ulikwisha mshika kwenye mkono wa suti na kumvuta. Mzee akamtazama. Hakuwa amewahi kukatishwa na mtoto wake mbele ya mtu, wala mtoto wake hakuwahi kumkatisha baba mbele ya mtu.

"Kaa, baba," akarudia. Kisha akamgeukia meneja, akasema kwa Kiingereza, wazi, bila kutetemeka: "Msamehe. Hajui anachosema."

Mzee akakaa.

Meneja akauliza hali hiyo ilianza lini. Na Genoveva, ambaye alikuwa amelala akijiambia kwamba atasema machache tu, akakuta maneno yanakuja yenyewe. Alikuwa nayo tele, aliyakuta kila siku akiwaogesha wazee wa watu. Alichukua dalili za bibi wa chumba kimoja cha Wheaton na dalili za mzee wa chumba kingine akamvisha baba yake kama nguo za marehemu. Kwamba huamka akitafuta treni. Kwamba huwaita watu majina ya waliokufa. Kwamba humuuliza mkewe yuko wapi, akaambiwa amekufa, akalia kama ndiyo kwanza anasikia, na kesho yake akauliza tena. Kwamba juzi aliweka viatu ndani ya friji.

Mzee Cosmas aliinamisha kichwa akavitazama viatu vyake.

Kwenye ukuta Kalamu alikuwa akitazama kapeti.

Uso wa meneja ukalegea, akapumua. Kwake habari ilikuwa njema: hakuna mahakama, hakuna wakili, ni bima tu na fomu. Akasema anasikitika, bibi yake pia alikufa hivyo. Akaeleza masharti. Wiki ijayo daktari ampime, atoe karatasi. Mzee asiachwe peke yake hata dakika moja. Karatasi ikija, jina lake litaingizwa kwenye mkataba, chini ya majina matatu, kama mgonjwa anayetunzwa. Ikikosekana, au daktari akimkuta mzima, basi yote waliyozungumza yamefutika na kesi itaendelea.

Hivyo ndivyo nchi ilivyokubali kumwandika Cosmas Nehemiah. Alipokuwa mtu haikumpatia nafasi. Akiwa mgonjwa, nafasi ikapatikana.

Kisha meneja akamgeukia yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Akainua sauti na kuipunguza mwendo, kama watu wanavyosema na watoto na viziwi. Akasukuma bakuli la peremende mpaka mbele yake. Akamwambia achukue moja, ni tamu. Halafu akamwomba: je, babu anaweza kutoa ahadi kwamba hatashuka tena kule chini? Akamwashiria Genoveva atafsiri.

Mzee hakuligusa bakuli. Alikuwa amefuata kila kitu toka mwanzo, na sasa alikuwa amefika mwisho wa njia, akaona mahali ilipoelekea. Akaona pia mikono ya binti yake pajani, jinsi ilivyoshikana.

"Baba," Genoveva alisema, "anakuuliza kama—"

"Nimesikia. Nimesikia yote."

Genoveva akafumba macho. Meneja akatabasamu, akingoja. Mzee alinyoosha mkono akaiweka tai yake sawa, akamgeukia binti yake, si mtu mwingine yeyote ndani ya chumba kile, akasema kwa sauti ya mtu anayejibu:

"Nakuahidi, Genoveva. Wiki ijayo daktari akiniuliza leo ni siku gani, sitajua. Na akiniuliza wewe ni nani, sitakujua."